Miaka 50 Baada ya Kufa Haitakulipia Kodi ya Nyumba

Wiki jana kijana mmoja wa Likoni aliniandikia: "Salaam aleikum Mwalimu. Nimemaliza riwaya yangu. Nataka kujua hakimiliki hudumu miaka mingapi, na nifanyeje ili maktaba wasiweke kitabu changu? Watu watasoma bure nami nife njaa."

Waaleikum salaam, mwanangu. Yeye nilimjibu kwa ufupi. Jibu refu naliweka hapa, maana nawajua wasomaji wangu. Wengi wenu mna mswada chini ya godoro, na swali lenu ni hilohilo.

La miaka ni jepesi. Kwa sheria ya Kenya ya 2001, kitabu kinalindwa maisha yote ya mwandishi, kisha miaka 50 inayohesabiwa tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya ni 70. Waingereza hao hao walianza na sheria ya 1710 iliyotoa miaka 14, na 14 mingine iwapo mwandishi bado yu hai. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo kwa hesabu yetu kazi zake zimekuwa huru tangu Januari 2013. Basi, umeshajua. Sasa nikueleze kwa nini kulijua hilo hakukuongezei hata nauli ya matatu.

Mjomba wangu alikuwa malenga hapa Mji wa Kale. Harusi ilikuwa haitimii bila beti zake, na waliogombana naye walilazimika kumjibu kwa mizani au wanyamaze. Diwani yake ilichapishwa na kampuni ambayo sitaitaja. Walimpa bahasha moja, naye akatia saini karatasi ya Kiingereza iliyosema haki zote ni zao, kwa muda wote wa hakimiliki. Kitabu kikachapwa mara moja, kikaisha. Mjomba akafariki 1989. Binti yake alipokwenda kuomba ruhusa ya kukichapa upya, aliambiwa aandike barua. Akaandika. Akaandika tena. Hakujibiwa hadi leo.

Piga hesabu mwenyewe: haki hizo zitakuwa mikononi mwa watu wasiozitumia hadi mwisho wa 2039. Nakala ya mwisho niliyoiona maktaba ilikuwa haina jalada, na kurasa za katikati zimeng'oka. Walimu wa fasihi hunisimamisha barabarani wakiniuliza wataipata wapi. Siwezi kuwapa, na kwa sheria siwezi hata kuwachapia. Eti miaka yote hiyo ni ya kumlinda mjomba! Likinijia jambo hili usiku, sipati usingizi, sitawaficha.

Kwa hiyo ilipofika zamu yangu, nilipoletewa mkataba wa kitabu changu cha hadithi za watoto, niliusoma kwa kalamu nyekundu kama ninavyosahihisha insha. Maneno yalikuwa yaleyale: haki zote, muda wote, malipo mara moja. Nikakataa. Mhariri akacheka, akaniambia, "Mama, huu wanautia saini wote." Baadhi ya waandishi wenzangu wakasema naringa. Mmoja aliuliza mbele ya watu nafikiri mimi ni nani. Natumai anasoma hapa.

Sitawachosha na barua zilizofuata. Nilichopata ni hiki: leseni, yaani ruhusa ya kuchapa tu, badala ya kuuza haki; mrabaha, yaani sehemu ya bei kwa kila nakala inayouzwa; na kifungu kinachosema kitabu kikikosekana sokoni mwaka mzima, haki zinanirudia.

Watu wa Mombasa hawahitaji wakili kuwafafanulia. Mji wetu umejaa nyumba ambazo mwenye nyumba ni huyu na mwenye ardhi ni yule, na aliyejenga hulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Hakimiliki ni ardhi yako. Mwache mchapishaji ajenge, aweke milango ya nakshi akitaka, lakini akulipe kodi, na akiliacha gofu aondoke.

Kuhusu mrabaha, ukiambiwa asilimia 10, uliza asilimia 10 ya nini. Kitabu cha shilingi 500, ukilipwa kwa bei ya dukani, kinakupa 50. Ukilipwa kwa kile kinachomfikia mchapishaji baada ya duka kukata, tuseme, asilimia 35, unapata 32 na senti 50. Mkataba ni huo huo, asilimia ni hiyo hiyo. Na kabla hujaishika pesa yenyewe, KRA, wakusanya ushuru, wanakatiwa asilimia 5 yao. Dai pia taarifa ya mauzo kwa maandishi, na haki ya kukagua hesabu. Mchapishaji mwaminifu hatakasirika.

Jingine ambalo vijana hawalijui: hakimiliki haihami kwa maneno ya mdomo, lazima iwe maandishi yenye saini. Lakini ukiandika kama mwajiriwa, au kazi ukiagizwa, sheria huichukulia haki kuwa ya mwajiri au aliyekuagiza, ila kama mmekubaliana vinginevyo. Wanaoandikia miradi ya mashirika, zindukeni. Ukisukumwa utie saini kufikia Ijumaa, omba Ijumaa nyingine. Soma kabla ya kusaini. Ukishasoma, soma tena.

Kitabu changu kiliisha sokoni, hawakukichapa, mwaka ukapita. Niliandika barua ya aya mbili nikitaja kifungu. Haki zikarudi. Nikachukua ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, Maktaba ya Taifa, nikatafuta mpiga chapa, na mwezi uliopita shule moja ya Kisauni ilinunua nakala za darasa zima. Pesa iliingia kwenye simu kabla sijafika stejini. Wallahi nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sasa maktaba. Kijana wangu, unamwogopa rafiki. Tangu 2013 vitabu hutozwa kodi ya VAT ya asilimia 16, na mama wa Majengo mwenye watoto wanne hanunui hadithi za kusoma kabla ya kununua unga. Mtoto wake atakusoma maktaba au hatakusoma kabisa. Mimi mwenyewe nililelewa na maktaba ya Msanifu Kombo. Huko ndiko nilikojifunza kutamani vitabu, na mshahara wangu wa kwanza ulikwendea vitabu.

Kama kuna jambo la kupigania, ni kulipwa kitabu kinapoazimwa. Denmark walianza kuwalipa waandishi hivyo 1946, Uingereza wakatunga sheria yao 1979. Serikali ndiyo hulipa, msomaji hatoi hata senti. Kwetu hakuna. Chama cha waandishi kitakachoacha kugombana juu ya viti kikalidai hili, mimi nitakuwa mwanachama wa kwanza kulipa ada.

Mwizi wako yuko kwingine. Ni yule mwalimu anayepiga fotokopi kitabu kizima, akakitoboa, akakitia uzi na kuwauzia wanafunzi wake. Huyo ni mwizi hata akiswali safu ya kwanza. Mimi nimeshamwambia mmoja usoni, na hatuamkiani tena.

Kitabu changu kikitoka kwa mpiga chapa, nakala za mwanzo hupeleka maktaba, kwa risiti. Narudia, kwa risiti. Wakikuomba zawadi, toa moja ikiwa moyo umependa. Zilizobaki wanunue, kwa maana bajeti ya vitabu imewekwa kununulia vitabu.