Shemeji anadai hadithi za kisayansi ni za wanaume, nimjibuje?

SWALI: Shikamoo anti. Mi naanika dagaa Katonga hapa Kigoma, jioni nikimaliza huwa nasoma riwaya za kisayansi kwenye simu, zile za roboti na safari za anga. Sasa mdogo wake mume wangu kanicheka, eti hizo wameanzisha waandishi wanaume, kina Jules Verne wa Ufaransa na H.G. Wells wa Uingereza, wanawake tunaweza mapenzi tu na kulialia. Tumewekeana migebuka miwili. Nani anakula?
Mama Wawili, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu, bandika mafuta. Mary Shelley wa Uingereza alianza kuandika kitabu chake Frankenstein mwaka 1816 ana miaka 18, kikatoka 1818, na Verne kazaliwa 1828, sasa ataanzishaje kitu kilichomtangulia miaka kumi? Na mle hakuna jini wala mganga, kijana anasoma kemia, anachunguza maiti, anaunda kiumbe. Ukitaka kumkomesha kabisa mtajie Margaret Cavendish, Mwingereza mwingine, na kitabu chake The Blazing World cha 1666: binti anatekwa, meli inasukumwa na upepo mpaka Ncha ya Kaskazini, watekaji wanakufa kwa baridi, yeye anatokea dunia nyingine anakuwa malkia, ana watu-dubu wenye darubini wanaobishana mpaka anawaambia wazivunje hizo darubini! Wells kazaliwa 1866, piga hesabu.

Ila usije ukasema wanawake ndo wa kwanza kabisa, maana kuna Lucian, mwanaume aliyeandika kwa Kigiriki, karne ya 2 huko alishaandika safari ya mwezini, shemeji akimgugo umeumia.

Mi ninayempenda ni Rokeya Sakhawat Hossain, Mwislamu wa Bengal, India ya enzi hizo, alitoa hadithi yake Sultana's Dream mwaka 1905 kwenye gazeti la wanawake huko Madras, India hiyo hiyo. Kwenye nchi yake ya ndotoni wanaume ndo wanakaa ndani, wanawake wanaongoza, wana magari ya kuruka, wanavuta maji mawinguni kwa mabomba, na jikoni hakuna moshi maana wanapikia joto la jua. We ambaye jua la Katonga linakuchoma mgongo ukigeuza dagaa kwenye chanja utamwelewa haraka kuliko maprofesa. Adui alipovamia na wanaume wakashindwa, mkuu wa chuo, mwanamke, akaenda na wanafunzi 2,000 wakawamulika maadui kwa jua lile lile walilolikusanya, wakatimua mbio! Afu kazi za ofisini wanamaliza kwa saa mbili tu, hawafanyi kama wanaume wa maofisini huku kwenye dunia ya kweli, wanaopoteza saa sita kwa siku kwenye sigara, Rokeya kapiga hesabu kabisa, sigara moja nusu saa, mara kumi na mbili.

Ni fupi, unaimaliza dagaa hawajakauka upande mmoja. Ila hapo kwenye sigara usimsomee shemeji kabla hajanunua migebuka.