Barua kwa mwanangu: yule Bwana Kifungatumbo

Mwanangu mpendwa,

Huku Kigoma hatujambo. Mama yako anakusalimu, na dagaa ulioagiza atautuma na basi la Ijumaa, umekauka vizuri. Juzi uliniuliza jambo kwenye simu, mtandao ukakatika kabla sijajibu. Ulisema umeona picha ya ofisa Mwingereza wa vita vya ziwa letu la Tanganyika, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, amevaa sketi, na wenzako kazini wanabishana kama alikuwa shujaa au chizi. Ukaongeza: kama alishinda, mbona hakupewa meli tena? Nimeona niandike, maana hadithi hii haitoshi kwenye vocha ya mia tano.

Huyo ni Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa Tasmania mwaka 1876, akaingia jeshi la majini la Uingereza akiwa na miaka 14. Wenzake walipanda vyeo, yeye akanasa kwenye uluteni kamanda hadi anakaribia miaka 40. Usije ukadhani alionewa. Mwaka 1905 alibuni njia ya kukamata nyambizi kwa kamba iliyofungwa kati ya manowari mbili. Nusura aizamishe nyambizi ya kwao wenyewe. Safari nyingine aliipandisha meli ufukweni. Tena akagonga mashua, ikazama. Novemba 1914, meli iliyokuwa chini ya amri yake, HMS Niger, ilipigwa torpedo, kombora la majini, mchana kweupe karibu na mji wa Deal, naye yuko hotelini nchi kavu na mkewe. Baada ya hapo wakamketisha ofisini kushughulika na makaratasi. Mimi ningekuwa mkuu wake nisingemwachia hata kasia.

Lakini kuna upande ambao wacheshi huuruka. Huyu mtu alikuwa mpimaji. Alipima Mto Yangtze huko China, na kuanzia 1910 hadi 1914 alikuwa Mto Gambia na meli ya upimaji: kutupa timazi, kusoma kina, kuandika, kusogea hatua chache, kutupa tena. Hiyo kazi haitaki mbwembwe, na aliifanya miaka.

Basi mwaka 1915 mwindaji mmoja, John Lee, akaenda London na wazo. Wajerumani walikuwa wamelishika Ziwa Tanganyika lote kwa meli zao za Kigoma; kwa nini zisiletwe boti mbili ndogo za kasi kupitia Kongo? Wakubwa wakakubali. Maofisa wa maana wako vitani, kazi ikamwangukia Spicer-Simson. Alitaka boti ziitwe Paka na Mbwa. Wakamkatalia. Akazibatiza Mimi na Toutou, Kifaransa cha watoto cha paka na mbwa; maana ni ileile! Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, mwili wa mbao za mkangazi, mzinga mbele na bunduki ya Maxim nyuma.

Zikaja kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga. Hapo reli ikaisha na milima ya Mitumba ikaanza. Hapa ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu kwangu vita vyenyewe vilikuwa hapa. Ilibidi njia ikatwe msituni na madaraja zaidi ya 150 yajengwe. Boti zilivutwa na matrekta ya mvuke, na pale trekta liliposhindwa wakafungwa maksai. Trekta la mvuke linakunywa maji kama ngamia, na ulikuwa msimu wa kiangazi. Wakaajiriwa wanawake wa vijiji vya kule, wakatembea na mitungi kichwani kutoka kwenye vyanzo vya mbali ili injini zisikauke. Wewe unajua mama zetu wanavyopanda kutoka mtoni na ndoo. Sasa fikiria maji yote hayo yanaingia kwenye bomba la chuma na kutoka moshi. Nishani zilipogawiwa sikusikia hata mmoja wao. Lee naye, mwenye wazo lake, alishaondolewa njiani.

Walifika ziwani, upande wa Kongo, mwezi Oktoba. Desemba 26, siku ya Jumapili, Spicer-Simson alikuwa anaongoza sala akaletewa habari kwamba meli ya Kijerumani Kingani inakuja. Akamaliza sala kwanza. Pambano lilikwisha kwa dakika 11, Kingani ikatekwa, ikapewa jina la Fifi. Februari 9, 1916, wakaizamisha meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann. Sketi yake, na tatuu alizokuwa akizionyesha wakati wa kuoga mbele za watu, vikawa gumzo; Waholoholo, wenyeji wa upande ule wa ziwa, wakamwita Bwana Kifungatumbo.

Kesho ya pambano hilo ikatokea meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen. Mita zaidi ya 70, na mzinga mkubwa uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyofia delta ya Rufiji. Akakataa kuishambulia. Kwa hili watu humwita mwoga, mimi simlaumu. Boti ya mbao, petroli tumboni, mbele ya mzinga ule? Ninayemlaumu ni yule wa Juni, huko Bismarckburg, ambako leo ni Kasanga. Alitakiwa awazibie Wajerumani njia ya ziwani huku jeshi likiwabana kutoka bara. Akaiona mizinga ya ngome, akageuza. Usiku Wajerumani wakaondoka zao kwa majahazi na mitumbwi. Mizinga ile ilikuwa ya mbao. Jibu la swali lako la meli liko hapo. Alirudi Uingereza mgonjwa wa akili kwa uchovu, akapewa nishani na cheo cha kamanda, lakini hakuna aliyemkabidhi chombo tena.

Ila hakupotea. Mwaka 1919 alikuwa mkalimani kwenye mkutano wa amani wa Paris, na kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari, Monaco. Timazi na ramani tena. Alifariki Kanada mwaka 1947.

Na Götzen? Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, karibu na mdomo wa Malagarasi, baada ya kuzipaka injini grisi kila mahali. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wazee walionifundisha ufundi bandarini walikuwa wakiniambia, ukipaka grisi paka kama Mjerumani wa Götzen, usipake kama unapaka siagi kwenye mkate wa wageni. Ukija Desemba nitakupeleka gatini tuitazame. Njoo na viatu vya kukanyagia, sitaki tena kesi ya raba nyeupe.

Baba yako