Bantamu wa mbegu tofauti banda moja: yaliyonikuta mimi hapa Lamu

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama bantamu, yaani kuku wa umbo dogo, wa mbegu za Silkie, Pekin na Sebright wataweza kukaa banda moja bila kutoana damu. Wataweza. Mimi nafuga wote watatu uani kwangu mtaa wa Langoni, mwaka wa sita huu. Ila usilipange banda kwa kumwangalia aliye mkali. Lipange kwa kumwangalia asiyeona na asiyeweza kuruka.

Huyo ni Silkie. Manyoya yake ni kama pamba, bawa halishiki upepo, na kishungi humfunika macho. Mwaka wa kwanza nilikuwa na tembe mmoja mweupe. Kila asubuhi nikimwaga chenga za mchele, Sebright, kijike chenyewe hakimzidi njiwa kwa mbali, anamjia ubavuni na kumdonoa utosini. Maskini Silkie akigeuka, anageukia upande usio wenyewe. Siku ya tatu nikakuta kishungi kimelowa damu. Na baadhi ya Silkie fuvu la utosi halikufunga sawasawa, kwa hivyo kidonda cha kichwa usikichukulie kidogo. Nikamtenga, nikamwosha kwa maji ya chumvi, nikachukua mkasi nikakipunguza kishungi mpaka macho yote mawili yakawa wazi. Alipopona nikamrudisha. Sebright alipomjia, alimwona tangu mbali, akasogea zake. Mambo yakatulia kabisa.

Siku hizi kishungi kikianza kugusa jicho tu, nakikata. Chakula naweka vyombo vitatu, kila kimoja pembe yake, mnyonge akifukuzwa hapa ale pale. Sebright hupenda kulala juu karibu na makuti, waache. Silkie na Pekin nimewawekea ubao sentimita 30 tu kutoka chini, maana hawafiki juu na wakianguka wanaumia miguu.

Kuku mgeni usimtupe ndani mchana ukaenda zako sokoni. Mimi nagawa banda kwa wavu mkuukuu wa samaki, wakae wiki mbili wakitazamana, kisha namwingiza usiku wakiwa wamelala. Kesho yake siondoki nyumbani.

Na kuchi, wale kuku wakubwa wa kwetu, tafadhali, weka mbali. Ni kuku wa fahari yetu na mimi nawapenda, lakini jogoo wa kuchi alipenya siku moja akampanda Pekin wangu, akamchana mgongo kwa kucha. Uzito ule haumfai bantamu hata kidogo.

Masika ndiyo yanayowatesa Pekin. Miguu yao ina manyoya mpaka vidoleni, tope likikauka humo linageuka jiwe. Mwaga mchanga mkavu, na miguu ioshe kwa maji vuguvugu, tope usilibandue kwa nguvu. Mbu nao huleta ndui, kwa hivyo maji yaliyotuama uani yamwage. Chanjo ya kideri mimi sikosi kila miezi mitatu. Vifaranga nao funika juu kwa wavu, kunguru hawana huruma.

La mwisho, wakikaa pamoja watazaana mchanganyiko. Ukitaka mbegu safi, mtenge koo pamoja na jogoo wa mbegu yake, na usubiri wiki tatu kabla hujaanza kuweka mayai ya kuatamiwa, kwa sababu mbegu ya jogoo wa kwanza hukaa tumboni muda huo. Mayai utakayopata kabla ya hapo kaangia watoto.