Re: Fremu ya mke wangu imeungua, tunaanzia wapi?

Poleni sana mkuu, mpe pole na shemeji. Mimi niliunguliwa pale soko la Sido Mwanjelwa, hapa Mbeya, Agosti 2017. Marobota mawili ya mitumba, moja hata sikuwa nimelifungua.

Umeuliza kama asubiri mwenye jengo aite kikao. Asisubiri. Leo hii aende polisi aandikishe upotevu, kisha aombe ripoti ya Zimamoto. Bila hizo karatasi kila ofisi itamrudisha. Mashine ya EFD (ile ya kutolea risiti) kama imeungua, TRA, watu wa kodi, waambiwe mapema, kwa maandishi.

Umesema kuna noti zimeungua kwenye droo. Msizitupe, na msijaribu kuzibandua! Ziwekeni kwenye boksi zilivyo, mpeleke BoT (Benki Kuu), tawi lipo hapa hapa Mbeya. Wao ndio wanaopima kipi kinabadilishwa.

Sasa mkopo. Hapa ndipo wengi tuliumia. Ile bima unayokatwa siku ya kuchukua mkopo mara nyingi ni ya kifo cha mkopaji, siyo ya mali. Mimi nilijua nimekingwa kumbe mpaka nife! Someni mkataba, kisha muende wenyewe kwa afisa mikopo kabla siku ya rejesho haijapita, muombe kupangiwa upya muda wa kulipa. Anayekimbia simu ndiye anayefuatwa nyumbani.

Kurudishiwa kodi ya miezi iliyobaki kunategemea mkataba wa fremu. Kama mlikubaliana kwa mdomo tu, tafuteni risiti na miamala ya simu.

Na kikoba chenu, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, bado kipo?