Barua ya Benki Ikifika, Anza Kuhesabu Siku

Nilifanya kazi miaka mingi katika kitengo cha madeni cha benki moja hapa Kenya, na nyumba nyingi nilizoziona zikipigwa mnada zilipotea kwa sababu mwenyewe alinyamaza. Simu hapokei, barua hazifungui, na mwenzake wa ndoa hajui lolote. Tangu niondoke huko nimeketi na familia kadhaa zilizo katika shida hii. Karibu zote zilizobaki na nyumba zao zilianza kushughulika mapema.

Mapema maana yake ni kabla siku 90 hazijaisha tangu malipo ya mkopo uliouwekea nyumba rehani yakwame. Zikipita hizo, kwa kanuni za Benki Kuu, mkopo wako unahesabiwa kuwa haulipiki, na faili inatoka kwa afisa anayekujua tawini. Basi nenda kwake faili ikiwa bado mikononi mwake. Beba barua ya kuachishwa kazi au hesabu za biashara, pamoja na kiasi unachoweza kulipa kila mwezi bila kudanganya. Omba kwa maandishi mkopo upangwe upya: muda urefushwe, au ulipe riba pekee kwa miezi kadhaa. Jibu nalo liwe la maandishi. Ukikubaliwa kwa mdomo tu, jihesabu hujakubaliwa.

Na ukichelewa? Sheria ya Ardhi ya 2012 bado inakulinda. Benki lazima kwanza ikupe notisi ya miezi mitatu ikitaja kiasi unachodaiwa. Usipolipa, inafuata notisi ya siku 40 ya kuuza, na nakala yake apewe pia mumeo au mkeo. Kisha dalali wa mnada anakupa siku 45 za kulipa, halafu tangazo la gazetini linatangulia mnada kwa siku 14. Zikifuatana zote, ni zaidi ya miezi sita. Andika kila tarehe uliyopokea barua, na uhifadhi bahasha.

Miezi hiyo ina kazi. Familia moja ya Ruiru ilihamia nyumba ndogo ya kukodi, ikapangisha ile kubwa, na kodi yote ikaenda kwenye mkopo. Watoto walilalamika, lakini hati ya nyumba ingali na jina la baba yao. Pale ambapo hata kodi haitoshi, nashauri jambo linalouma zaidi: uza mwenyewe, kwa idhini ya benki iliyoandikwa. Mnunuzi wa kawaida hukagua vyumba, huuliza maji na barabara, na hulipa bei ya soko. Anayekwenda mnadani anatafuta bei ya kutupa. Kweli, sheria inaitaka benki itafute bei nzuri iwezekanavyo, na ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, huhesabiwa imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo. Lakini hiyo ni kesi ya kupigania baada ya kutolewa nyumbani. Ukiuza mwenyewe, deni linalipwa na kinachobaki ni chako, pengine kinatosha kununua kiwanja.

Wengi hukimbilia wakili siku mbili kabla ya mnada, wakitaka mahakama izuie kwa kuwa hawakubaliani na kiasi cha deni. Ugomvi wa hesabu peke yake mara nyingi hauzuii mnada. Hoja zenye uzito ni kama notisi kutokufikia, mwenzako wa ndoa kutoridhia nyumba ya familia iwekwe rehani, au thamani ya nyumba kutokadiriwa upya katika miezi 12 iliyopita. Riba nayo ina kikomo: tangu 2007, mkopo ukishaacha kulipika, benki haiwezi kudai riba inayozidi salio la mkopo lililokuwepo siku hiyo. Mwambie wakili aikague.

Tafadhali, usikope kwa shailoki, yule mkopeshaji wa riba kubwa, ili kuilipa benki. Na anayetaka umtumie pesa kwa simu eti "atasimamisha mnada" ni mwizi.

Hata siku ya mnada yenyewe, kabla nyundo haijagonga, una haki ya kulipa deni lote na kukomboa nyumba. Ndugu au chama wakikusaidia dakika hizo, itisheni kwanza barua ya benki yenye kiasi kamili, gharama za dalali zikiwemo, na mlipe kwenye akaunti ya mkopo, si mkononi mwa mtu.