Leseni ya umeme Florida: ya kaunti au ya jimbo? Mimi nilianza na ya kaunti

Mkuu, nimekuelewa. Uko Tampa, umevuta waya za watu miaka 8, sasa unataka kampuni yako, na jamaa wa kazini kakwambia uchukue leseni ya kaunti kwanza kwa sababu ya jimbo "ni ya matajiri". Mwaka 2019 na mimi niliambiwa maneno hayo hayo, nikayafuata. Ngoja nikusimulie yaliyonikuta, halafu uamue mwenyewe.

Florida mkandarasi wa umeme anaingia kwa mlango mmoja kati ya miwili. Mlango wa kwanza ni bodi ya jimbo: unafanya mtihani wao, unapeleka vielelezo vyako kwao, unapewa leseni ambayo namba yake inaanza na EC. Hiyo unafanya nayo kazi kuanzia Pensacola hadi Key West. Mlango wa pili ni wa mtaani kwako: kaunti au mji unakupima kwa utaratibu wake, ukifaulu unapewa cheti chao, kisha unakipeleka jimboni kikaandikishwe. Namba yako sasa inaanza na ER. Hapo kwenye kuandikishwa ndipo mtego ulipo, kwa sababu kadi inayokuja imeandikwa jina la jimbo juu, ina kila dalili ya leseni ya jimbo. Mimi niliipiga picha nikawatumia ndugu Morogoro. Nilijiona nimemaliza. Kumbe jimbo lilikuwa limeniandika tu kwenye daftari lake. Mipaka ya kazi yangu ilibaki ile ile ya kaunti iliyonipima.

Tuliotoka Tanzania hili linatupiga chenga kirahisi. Nyumbani ukishapata leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, daraja lako ndilo linalosema ukubwa wa kazi unayoruhusiwa, hakuna anayekuuliza kama uko Dodoma au Mtwara, ilimradi ni Bara. Huku kuna maswali mawili tofauti, ukubwa wa kazi na eneo la kazi, na watu wanayachanganya. Jimbo lina hata leseni ya EC isiyo na kikomo cha kazi, na pembeni yake zile finyu: za nyumba za kuishi tu, za mabango, za kengele za hatari. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na leseni finyu inayofika jimbo zima, na mwingine akawa na leseni pana inayoishia kwenye daraja la kuvukia kaunti ya jirani. Mimi nilikuwa huyo wa pili.

Miaka mitatu ya mwanzo sikuona shida. Nilibadilisha paneli za zamani, nikafunga chaja za magari, nikapata na duka moja la nguo. Kazi za kaunti ya jirani nilizikataa, au nilikwenda kuandikishwa na kule: ada nyingine, cheti cha bima kingine, uthibitisho wa mtihani utumwe upya, dirisha jingine la kupanga foleni. Kaunti mbili zinavumilika. Ya tatu nikachoka.

Halafu kikaja kimbunga Ian, 28 Septemba 2022. Maji ya bahari yalipanda Fort Myers yakaingia majumbani, mita na paneli zikaloa chumvi. Familia moja ya Wakongo tuliyosali nayo zamani walinipigia, wao na majirani zao, nyumba 5. Kwa wiki zile mkandarasi alikuwa hapatikani kwa dawa. Nikapakia gari. Kabla sijaondoka nikapiga simu kwenye kaunti ya huko kuuliza utaratibu wa kibali cha kazi, dada wa upande wa pili akaniomba namba ya leseni. Nilipotaja ER akanyamaza kidogo, akaniuliza nimeandikishwa kaunti zipi. Ya kwao haikuwemo.

Kuna mtu alinipa "njia": nitumie namba ya mkandarasi mwingine, nimkatie asilimia. Ndugu yangu, hapo usiguse. Kufanya ukandarasi wa umeme bila leseni Florida ni kosa la jinai hata siku za kawaida, lakini jimbo likiwa kwenye hali ya dharura linapanda kuwa kosa kubwa la daraja la tatu, kifungo hadi miaka 5. Kwa mwenye gamba la uraia hiyo ni balaa. Kwa sisi wa kadi ya kijani ni balaa na nauli ya kurudi. Na hata usipokamatwa, mkataba wa asiye na leseni mahakama haikusaidii kuudai. Mteja akigoma kulipa, umefanya sadaka.

Nilichofanya: nikamtafuta mwenye EC, nikaajiriwa kwake kwa saa. Nyumba zile 5 alizichukua yeye, na mimi nikawa kibarua kwenye kazi niliyoitiwa mwenyewe. Alinilipa vizuri, simsemi vibaya. Lakini niliporudi nyumbani nilianza kukusanya makaratasi ya EC wiki hiyo hiyo.

Sasa nisikudanganye kwamba EC ni ufunguo wa kila mlango. Kibali cha kila kazi bado unakiomba kwenye kaunti au mji wenyewe, na mkaguzi wao ndiye anayekuja. Hiyo haibadiliki, leseni na kibali ni vitu viwili. Pia "jimbo zima" maana yake Florida tu. Ukivuka mto St. Marys uko Georgia, na wao wana leseni zao: Daraja la I linaishia kwenye umeme wa fezi moja usiozidi ampea 200, la II halina kikomo hicho. Ukihamia Illinois utakuta jimbo halina kabisa leseni ya mkandarasi wa umeme, Chicago ina yake na miji mingine ina zake. Texas nako jimbo ndilo linalotoa. Kwa hiyo ushauri wa binamu aliyeko Houston usiuchukue kama ulivyo.

Mtihani wa EC una sehemu mbili, ya ufundi na ya biashara, na kufaulu ni asilimia 75. Ya ufundi unaingia na kitabu cha NEC, yaani kanuni za umeme za Marekani, ila kama hujui jedwali liko wapi kitabu hakitakuokoa. Mimi ya biashara ndiyo ilinitoa jasho, kodi na mishahara, nikairudia. Bima nayo utatakiwa uwe nayo.

Kazi ngumu kuliko mtihani ni kuthibitisha uzoefu. Kwa njia niliyopitia mimi walitaka kuona nimesimamia, siyo nimevuta waya tu. Vyeti vyangu vya nyumbani havikunifikisha mbali. Zilizonibeba ni W-2, zile karatasi za mshahara na kodi anazotoa mwajiri kila mwaka, na barua za walionisimamia. Kwa miaka yako 8 anza kuzitafuta barua hizo sasa, ungali unaelewana na bosi wako. Bosi wangu mmoja alikuwa ameshafunga kampuni na kuhamia Tennessee, nilimpata baada ya miezi 4, kupitia mke wake.