Chora Anwani Kwanza: Kwa Wanaoanza Kujenga Mitandao ya Kompyuta Pepe

Kwa vijana mnaojifunza au mnaoanza kazi ya mifumo ya kompyuta hapa Mtwara, ninawasihi mchore mpango wa anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao, kwenye karatasi kabla ya kuunda kompyuta pepe yoyote, yaani kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi. Matatizo mengi ninayoletewa kama hitilafu za programu huwa ni migongano ya anwani, nayo huanza pale mtu anapoupa mtandao wake pepe safu ya 192.168.1.0/24 (yaani anwani za 192.168.1.0 hadi 192.168.1.255) kwa sababu ndiyo aliyoizoea, ilhali ruta nyingi za ofisini na majumbani nazo huja zimepangiwa safu hiyohiyo. Kompyuta ikiwa na njia mbili za kufikia safu moja, itapeleka data upande mmoja tu. Printa ya ofisi itaacha kupatikana, nawe utashinda ukikagua waya usio na kosa.

Libvirt, programu inayosimamia KVM, yaani sehemu ya Linux inayoendesha kompyuta pepe, hukagua mgongano huo, lakini hukagua pale mtandao pepe unapowashwa. Mtu anaweza kuuwasha asubuhi akiwa Shangani bila tatizo, kisha jioni akafika Mikindani na kujiunga na Wi-Fi yenye safu ileile, na asipate onyo lolote. Hati ya RFC 1918 ya mwaka 1996 ilitenga safu tatu kwa matumizi ya ndani, yaani 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, kwa hiyo nafasi ni tele. Mimi hupendelea kipande kisichozoeleka, kama vile 10.73.20.0/24, ambacho kinatosha vifaa 254.

Baada ya anwani, jiulizeni ni nani anapaswa kuzungumza na nani. Tuseme mnajenga mfumo wa majaribio wa kuandikisha uzito wa korosho zinazopokelewa katika chama cha msingi, wenye seva ya wavuti na seva ya kanzidata. Kanzidata haina sababu ya kufika kwenye intaneti, hivyo iwekeni kwenye mtandao uliotengwa, ambao katika libvirt hupatikana kwa kutoandika kabisa kipengele cha forward kwenye faili la mpangilio wa mtandao huo. Seva ya wavuti ipeni kadi mbili za mtandao: moja iingie kwenye mtandao huo uliotengwa, na nyingine kwenye mtandao wa NAT, unaotumia anwani ya kompyuta mwenyeji na unaoiruhusu kutoka nje kuchukua masasisho huku wa nje wakishindwa kuianzishia mawasiliano. Ninaupenda mpangilio huu kwa sababu unamlazimisha mwanafunzi kufikiria usalama tangu siku ya kwanza, kabla taarifa za wakulima halisi hazijaingia humo.

Wengi hukimbilia daraja, yaani kuiunganisha kompyuta pepe moja kwa moja na mtandao wa ofisi ili ipewe anwani na ruta kama kompyuta nyingine. Kwa waya njia hiyo ni nzuri. Kwa Wi-Fi mara nyingi hukwama, kwa kuwa kituo cha Wi-Fi hupokea data kutoka kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao) ya kadi iliyojisajili, si ile ya kompyuta pepe iliyo nyuma yake. Kwa wanaotegemea intaneti ya simu, NAT ndiyo chaguo la busara.

Umeme ukikatika na kurudi, mtandao pepe ambao hamkuupa amri ya virsh net-autostart (virsh ni zana ya kuandikia amri za libvirt) hautawaka wenyewe, na kompyuta pepe zinazoutegemea zitakataa kuwaka. Vilevile, mabadiliko mnayoandika kwa virsh net-edit hayatumiki mpaka mtandao uzimwe kwa net-destroy na kuwashwa tena kwa net-start. Jina la net-destroy lisiwatishe, kwani haifuti mpangilio uliohifadhiwa. Amri inayoufuta ni net-undefine. Hata hivyo, kompyuta pepe zilizokuwa zikifanya kazi zinaweza kubaki zimekatika mtandao baada ya hapo, kwa hiyo zizimeni kabisa kwanza, badilisheni mtandao, ndipo mziwashe upya.